Sarafu za kuweka kando kwenye chenji yako, na namna ya kuzipiga picha

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 231, ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa. Desemba 2018 zikatoka sarafu za wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Kwa hiyo sarafu yoyote yenye uso wa Kenyatta, Moi au Kibaki unayorudishiwa dukani au kwenye matatu haitengenezwi tena. Kuanzia hapo zinapungua tu.

Ya kwanza kutafuta ni shilingi arubaini ya 2003 yenye uso wa Kibaki, iliyotolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Usiitumie. Kisha shilingi tano ya Moi yenye pembe saba, iliyoanza 1985. Kwenye makopo ya wazee nyumbani, chukua sarafu za Kenyatta na utazame kuzunguka kichwa kabla hata ya kusoma mwaka: za 1966 hadi 1968 hazina maneno upande huo, na kuanzia 1969 jina lake limeandikwa. Wengi huzichanganya zote na kuziona kitu kimoja.

Kisha zigeuze. Shika sarafu juu na chini kwa vidole viwili, kichwa kikiwa wima, uizungushe kama mlango. Nembo ya taifa nayo inapaswa kusimama wima. Ikiwa imelala upande au imepinduka, muhuri wa kuchapia sarafu ulikaa vibaya kiwandani, na hiyo ni sarafu ya kuhifadhi hata kama mwaka wake ni wa kawaida. Usiichanganye na iliyogongwa mtaani: pigo la baadaye husukuma chuma pembeni na kuacha kingo kali.

Tafadhali usiisafishe. Limau hula ngozi ya juu ya chuma, na kusugua kwa majivu au dawa ya meno huacha mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja. Mnunuzi mzoefu huiona mara moja, na haiondoki. Kama kuna udongo, iloweke kwenye maji safi, kisha ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa cha pamba bila kusugua. Ishike kwenye ukingo tu, maana jasho la kidole huacha alama kwenye shaba.

Kwa picha, simu inatosha. Futa lenzi kwanza. Weka sarafu juu ya kifuniko cha soda kilicholala kwenye karatasi ya kijivu, ili kivuli chake kiangukie mbali. Panga vitabu marundo mawili, simu ilale juu yake lenzi ikitazama chini kwenye nafasi ya katikati, kama sentimita 20 juu ya sarafu, halafu kuza picha mara mbili (zoom 2x). Ukisogeza simu karibu zaidi, kivuli chake kinafunika sarafu na duara linapinda.

Zima flashi. Tumia taa moja nyeupe, upande wa juu kushoto, na uisogeze polepole huku ukitazama nywele zilizo juu ya sikio la kichwa. Taa ikiwa chini sana, kila mkwaruzo unaonekana kama mtaro. Ikiwa juu sana, uso wote unakuwa bapa. Kati ya hapo nywele zinaachana, na hapo ndipo pa kusimama. Kwenye sarafu za rangi mbili, gusa sehemu nyeupe kwenye skrini na upunguze mwanga hadi maandishi yasomeke, la sivyo sehemu hiyo inakuwa nyeupe tupu pichani. Weka saa ya sekunde 3 ili kidole kisitikise simu. Piga pande zote mbili, na ukingo pia, bila kuongeza rangi.

Usihifadhi kwenye plastiki laini yenye harufu kali. Kwa joto na unyevu wa Pwani hutoa ute wa kijani unaokula shaba. Kila sarafu iwe kwenye bahasha yake ndogo, mwaka na mahali ilipopatikana vikiandikwa kabla sarafu haijaingia ndani.