Maswali ya wasomaji: pumu kali na hewa inayogoma kutoka

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 41 na pumu anayo tangu utotoni. Mwezi uliopita alibanwa usiku kucha. Hospitalini walipima damu, tukaambiwa hewa ya ukaa iko kawaida, lakini papo hapo wakamkimbiza chumba cha wagonjwa mahututi. Kama kipimo kizuri, haraka ya nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba dada. Aliyebanwa na pumu huhema mbiombio, na kuhema huko hufukuza hewa ya ukaa mwilini. Kwa hiyo kipimo chake kilitakiwa kiwe chini ya 35 mmHg. Akikutwa na 40, ambayo ni kawaida kwa mtu mzima, huku bado anahema mara 30 kwa dakika, misuli ya kupumua imeanza kuchoka, na saa moja baadaye huenda ikawa 60. Waliomkimbiza walifanya sawasawa.

Kifua nacho hudanganya. Mluzi unaosikika akipumua ukipotea ghafla na mgonjwa bado anahangaika, hiyo si nafuu: hewa inayopita imekuwa ndogo mno hata kutoa mlio. Ukiona hivyo, au oksijeni iko chini ya 92%, au amekuwa mzito wa usingizi na maneno hayaeleweki, hapo ni hatari ya kifo.

SWALI: Mimi ni tabibu wa kituo cha afya, hospitali ya mkoa iko mwendo wa saa mbili. Nifanye nini kabla gari halijaondoka? – Njombe

JIBU: Mengi, na mengine yote yaendelee ndani ya gari. Mkalishe, usimlaze. Mpe oksijeni hadi kipimo cha kidoleni kifike 93 hadi 95%. Weka salbutamol 5 mg na ipratropiamu 0.5 mg, dawa mbili za kufungua mirija ya hewa, pamoja kwenye nebulaiza (chombo kinachogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta) inayosukumwa na oksijeni, lita 6 kwa dakika. Salbutamol irudiwe kila dakika 20 katika saa ya kwanza. Ipratropiamu irudiwe baada ya saa 4 hadi 6. Huna nebulaiza? Inhela (kopo la kupuliza dawa) yenye chemba, yaani chombo cha kushikilia dawa kabla haijavutwa, inatosha: mipulizo 4 hadi 10, mmoja mmoja, kila dakika 20. Chemba ikikosekana, toboa kitako cha chupa ya plastiki ya 500 ml kwa kipimo cha mdomo wa inhela, ibane isivuje, mgonjwa avute kupitia shingo ya chupa.

Steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe wa mirija ya hewa, itolewe mapema kwa sababu huchukua saa kadhaa kufanya kazi: prednisoloni 50 mg kama anameza, au haidrokotisoni 100 mg mshipani. Kisha nenda wodi ya wazazi ukaazime magnesiamu salfeti, ileile ya kifafa cha mimba. Ya 50% ina gramu 5 katika 10 ml, hivyo 4 ml ni gramu 2. Changanya na 100 ml za maji ya chumvi, iingie kwa dakika 20 ukiangalia presha.

Tunakusihi usimchome diazepamu kwa sababu anatapatapa. Anatapatapa kwa kukosa hewa. Ukimtuliza, unamnyang'anya nguvu ya mwisho ya kuhema. Aminofilini, dawa ya zamani ya pumu ya kuchoma mshipani, nayo iache: dozi inayosaidia na ile inayovuruga moyo au kuleta degedege zimekaribiana mno, hasa kwa anayemeza theofilini, dawa ya jamii hiyohiyo, nyumbani.

SWALI: Tulimwekea mgonjwa wa pumu mrija wa kupumulia tukamuunganisha na mashine. Dakika kumi baadaye presha ya damu ikashuka hadi 60 na mashine ikalia mfululizo. Tulikosea wapi? – Muuguzi, Morogoro

JIBU: Mlichokutana nacho ni hewa iliyonaswa. Mirija ya hewa ya mgonjwa wa pumu hubana zaidi wakati wa kutoa pumzi. Mashine ikisukuma pumzi ya pili kabla ya kwanza haijaisha kutoka, hewa hurundikana, kifua hujaa kama mpira, damu inayorudi moyoni huzuiwa, presha huanguka.

Cha kwanza, chomoeni mashine kwenye mrija. Mwacheni atoe pumzi kwa sekunde 30 hadi 60, mkikandamiza mbavu taratibu kwa mikono miwili. Presha ikipanda, jibu mmelipata. Isipopanda, na upande mmoja wa kifua hauinuki, fikirieni pafu lililopasuka: choma sindano, weka mrija wa kifuani, wala msisubiri picha ya eksirei. Dripu ya 500 ml nayo husaidia, maana wengi hufika wamekaukiwa maji.

Mkimrudisha kwenye mashine, pumzi ziwe 8 hadi 10 kwa dakika. Ujazo wa kila pumzi ni 6 hadi 8 ml kwa kila kilo, uzito ukikokotolewa kwa urefu. Mwanamume wa sm 170 ahesabiwe kilo 66, yaani 400 hadi 525 ml. Muda wa kutoa pumzi uwe mara nne au tano ya ule wa kuingiza, na PEEP, yaani presha ambayo mashine huiacha kwenye mapafu mwisho wa kutoa pumzi, iwe 0 hadi 5. Kisha mtazame mchoro wa mtiririko kwenye skrini. Kama mstari haujarudi sifuri pumzi nyingine inapoanza, hewa bado inanaswa: punguzeni pumzi tena.

Kengele ya mashine kwamba presha ya hewa iko juu isiwatishe. Kilele cha 50 ni ukinzani wa mirija ya hewa tu. Simamisheni pumzi kidogo mwishoni mwa kuingiza msome presha ya mapafu yenyewe, isizidi 30. Hewa ya ukaa itapanda, pengine 80, na mkono utawawasha kuongeza pumzi. Jizuieni: pH, kipimo cha tindikali ya damu, ikibaki juu ya 7.2 mwili unavumilia, isipokuwa ubongo una uvimbe au jeraha. Mwaka 1984 madaktari wa Lausanne, Uswisi, Darioli na Perret, walieleza mashambulio 34 waliyoyatibu kwa kupumulisha polepole namna hii, bila kifo hata kimoja.

SWALI: Ndugu yetu katoka kwenye mashine siku ya sita, pumu imetulia, lakini mikono haiinuki. Kapata kiharusi? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Ikiwa pande zote mbili zimelegea sawa na anaongea vizuri, mara nyingi ni misuli iliyodhoofishwa na steroidi pamoja na dawa ya kulegeza misuli aliyopewa akiwa kwenye mashine. Daktari ampime damu, potasiamu ikiwemo, kwani salbutamol nyingi huishusha. Mazoezi ya viungo yaanzie kitandani leo. Nguvu hurudi kwa wiki, wakati mwingine miezi.