Asilimia 8 ni ghafi, siyo faida

Ndugu, unasema nyumba ya kupangisha ya Kira, mji ulio jirani na Kampala, Uganda, itakupa faida ya 8% kwa mwaka. Hapana, hiyo 8% ni mapato ghafi tu, yaani kabla ya kutoa gharama: pango la shilingi milioni 24 za Uganda kwa mwaka ukigawanya kwa bei ya milioni 300. Faida halisi iko chini zaidi. Chukulia nyumba inakaa tupu mwezi mmoja, unabaki na milioni 22. URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, humtoza mtu binafsi kodi ya 12% ya pango lote linalozidi 2,820,000 kwa mwaka, na tangu Julai 2022 huruhusiwi kupunguza gharama zako kwanza, hata kama umepaka rangi nyumba nzima. Hapo inaondoka 2,301,600. Ukarabati na askari wa geti, tuseme milioni 3. Kinachobaki ni kama milioni 16.7, yaani 5.6% hivi. Bado hujaweka ushuru wa stempu wa 1.5% wakati wa kuhamisha hati, wala bili za majengo za KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, kama nyumba ingekuwa ndani ya Kampala.

Marejesho ya mkopo wa benki usiyaingize humo. Hesabu hii inapima nyumba yenyewe, siyo namna ulivyoilipia. Mkopo unapimwa kando, kwa kulinganisha pesa inayobaki mkononi na ile uliyotoa mfukoni.

Ukimiliki kwa jina la kampuni, hesabu ya URA ni nyingine: 30%, lakini gharama zinatolewa kwanza, mradi zisizidi nusu ya pango. Mimi hufanya hesabu hizi kila madalali wanaponijia na maneno matamu.