Tarehe 30 Septemba chuoni Kanada: usije ukasema "hata mimi nilisoma bweni"

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja kanifuata inbox, ndo kwanza kaingia Winnipeg, hata koti la baridi la maana hajanunua. Kauliza hivi: "Dada, tumeambiwa tarehe 30 Septemba hakuna vipindi, watu wavae tisheti za rangi ya chungwa. Hii inatuhusu na sisi au ni mambo yao wenyewe? Maana kuna wenzetu wanasema siku hiyo kuna nyama choma."

Inakuhusu mdogo wangu. Na hiyo nyama choma naijua vizuri sana, nakuja huko.

Siku yenyewe ni Siku ya Kitaifa ya Ukweli na Maridhiano. Kuanzia karne ya 19 mpaka miaka ya 1990 serikali ya Kanada na makanisa waliendesha shule za bweni za watoto wa wenyeji wa asili, yaani First Nations, Inuit na Métis, na watoto zaidi ya 150,000 wakapitishwa humo. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyochunguza shule hizo, ikiongozwa na Jaji Murray Sinclair, Muanishinaabe (moja ya mataifa ya First Nations) wa hapahapa jimbo la Manitoba, ilimaliza kazi 2015 ikatoa mapendekezo 94, pendekezo la 80 ndo lilitaka iwepo siku kama hii. Sheria yenyewe ikaja kupita Juni 2021, siku chache baada ya watu wa Tk'emlúps te Secwépemc, jamii ya First Nations kule Kamloops, jimbo la British Columbia, kutangaza kwamba rada imeonyesha panapodhaniwa kuwa na makaburi ya watoto kwenye eneo la shule ya zamani. Rangi ya chungwa inatokana na Phyllis Webstad, mwaka 1973 akiwa na miaka 6 alipelekwa shule na shati jipya la rangi hiyo alilonunuliwa na bibi yake, siku ya kwanza tu wakamvua na hakurudishiwa tena. Basi.

Sasa kilichonikuta mimi. Mwaka wangu wa kwanza University of Manitoba nilivaa tisheti nikaenda kwenye shughuli ya chuo, nikapiga picha moja nje kabla haijaanza nikaweka status. Wenzetu kwenye grupu letu la WhatsApp walikuwa wamepanga mbuzi siku hiyohiyo kwa sababu "wote tuko off". Mungu wangu. Picha yangu ikageuzwa stika. Mwanaharakati. Mama Maridhiano. Mpaka leo nikichelewa kuchangia harusi ya mtu stika inatupwa na watu wanacheka, na mimi nacheka nao, lakini niwe mkweli, iliniuma na bado inauma. Tena kilichoniuma zaidi sio stika, ni kaka mmoja mtu mzima, msomi, anayeheshimika, aliyeandika: "Kwani shida nini, si boarding tu hizo? Hata mimi nilisoma bweni, nilichapwa, nilikula ugali na maharage yenye wadudu, mbona sijalipwa?" Watu wakamwaga emoji za kucheka. Hakuna hata mmoja aliyembishia.

Naomba tukae hapa kidogo maana hapa ndo tunapokosea wengi tuliotoka Tanzania na Kenya. Sisi tukisikia shule ya bweni akili inaenda kwenye tranka la bluu lenye kufuli, ndoo iliyoandikwa jina, Blue Band, na ile Jumapili ya wazazi mama anashuka kwenye daladala na hotpoti la pilau. Bweni kwetu ni sifa bwana, baba anauza ng'ombe ili uende. Tulilia wiki ya kwanza, sawa, tulichapwa, sawa, lakini Desemba tulikuwa nyumbani tunachinjiwa kuku na tunaongea na bibi kwa lugha ya bibi. Hawa wenyeji wa asili wa Kanada, mwaka 1920 sheria ilibadilishwa ikawa lazima, mzazi akigoma kumtoa mtoto anashtakiwa. Unakatwa nywele, unapewa namba, ukiongea lugha ya mama yako unapigwa, na kuna waliotoka kule baada ya miaka wakashindwa kuelewana na wazazi wao wenyewe. Mwaka 1907 daktari wa serikali yenyewe, Peter Bryce, alikagua shule za huku magharibi akaandika kwamba katika shule 15 alizopata taarifa zake, karibu robo ya wanafunzi walikuwa wameshakufa, kifua kikuu kikubwa humo. Serikali iliisoma ripoti ikaiweka kabatini. Kituo cha kitaifa kinachotunza kumbukumbu hizi kina majina ya watoto zaidi ya 4,000 waliofariki, na kituo hicho kipo kampasi yetu ya Fort Garry, unakipita ukienda kwenye basi.

Kwa hiyo kaka yangu, kuhusu kulipwa: waliosoma shule zile walilipwa dola 10,000 kwa mwaka wa kwanza waliokaa na 3,000 kwa kila mwaka ulioongezeka. Kama unaona wamefaidi, sina la kukwambia.

Nirudi kwangu. Mwaka uliofuata chuo kikatafuta wa kujitolea, nikajiandikisha, nikapangwa kwenye chakula. Sijisifu, ila waliokuwa wanapanga viti waliishia kuniuliza mimi kila kitu kiko wapi. Nilikuwa nagawa supu na bannock, ule mkate wao mnene, unakatwa vipande unapakwa jamu. Akaja bibi mmoja na kigari chake cha kutembelea, nikambebea sahani mpaka mezani, akaniambia kaa. Nikakaa. Hakuanza na shule. Aliniuliza nimetoka wapi, nina ndugu wangapi, mama anapika nini. Nikamwambia chapati, akataka kujua inasukumwa vipi, nikamwonyesha kwa mikono pale mezani na chupa ya maji akacheka. Ndo baadaye, hata sijauliza, akasema yeye mambo ya kupika alianza kujifunza akiwa mtu mzima kwa sababu utoto wake alikuwa shuleni na jikoni walikuwa wanasugua sufuria tu, kupika hawakufundishwa. Akataja namba yake ya shule. Halafu akaniomba nimwongeze jamu.

Sikumjibu na habari za tranka langu. Hilo ndo la kwanza ninalokwambia mdogo wangu: ukiambiwa kitu siku ile, kipokee. Usikimbilie "hata kwetu". Najua na sisi tulitawaliwa, najua kibao cha shingoni cha wanaoongea Kiswahili darasani, lakini siku hiyo sio yetu.

La pili, nenda mapema. Wanaanza na kujifukiza, wanachoma majani makavu ya sage, harufu yake inakaribia udi. Kama wewe ni mlokole au Mwislamu na roho haitaki, simama pembeni kwa adabu, hakuna atakayekulazimisha. Simu weka mfukoni. Nimesema simu mfukoni. Wazee wanakula kwanza, wewe subiri kama unavyosubiri nyumbani. Ukitaka kumwomba mzee akusaidie jambo, akufundishe au aongee na chama chenu, huku unampelekea tumbaku kidogo kama heshima, ulizia ofisi ya wanafunzi wa asili watakuelekeza. Na usimhoji mtu shuleni walimfanya nini. Sikiliza. Narudia, sikiliza, kwa sababu sisi tunapenda sana kuongea.

Tisheti usihangaike, rangi ya chungwa yoyote uliyonayo inatosha, ila ukinunua nunua kwa watu wa asili wenyewe.

Na kama bado unajiuliza inakuhusu nini wewe mtu wa Tanga, fungua bomba hapo jikoni. Maji ya Winnipeg tangu 1919 yanatoka Shoal Lake, karibu kilomita 150 mashariki. Kazi ya kuyavuta iliwafanya watu wa Shoal Lake 40, jamii ya First Nations ya hukohuko ziwani, wajikute kisiwani, na kuanzia 1997 mpaka 2021 wao wenyewe walikatazwa kunywa maji ya bomba bila kuchemsha, barabara ya kutoka wameipata 2019. Chai yetu ya maziwa asubuhi ilikuwa safi muda wote huo. Halafu wote hapa tunataka PR, yaani ukaazi wa kudumu, tusidanganyane, na baada ya PR uraia, na kiapo cha uraia tangu Juni 2021 kinataja haki za First Nations, Inuit na Métis. Utasimama na suti utaapa. Unaapa kitu gani kama siku yao ya mwaka mzima ulikuwa unageuza mbuzi?

Chuo chenyewe kiliomba radhi 2011, kwamba kiliwasomesha waliokwenda kuendesha zile shule. Chuo kizima kimeweza kusema hivyo hadharani, sisi kuhamisha nyama choma inatushinda.

Nimeshaandika kwenye grupu kupendekeza mbuzi aende Jumamosi inayofuata. Tiki za bluu ziko 43, jibu hakuna, ila stika nimetumiwa. Mdogo wangu we njoo, mimi nitakuwa kwenye meza ya supu.