Chumvi shambani, kamba pwani: majibu kwa wasomaji

Nikishavuna mpunga, majaruba yangu yanatoa unga mweupe juu ya udongo. Miche ya msimu huu inakauka ncha. Ni mbolea imepungua? (Mkulima, Pawaga, Iringa)

Hapana, ndugu yangu. Usiongeze mbolea kwanza, maana nayo ina chumvi yake. Maji ya mfereji huja na chumvi kidogo. Jua la Pawaga linakausha maji, chumvi inabaki. Pale ambapo maji yanaingia na hayana pa kutokea, inajilimbikiza kila msimu. Mpunga huumia zaidi ukiwa mche na unapotoa maua. Chimba mfereji wa kutolea maji, jaza jaruba, kisha yamwage yote kabla ya kupandikiza. Ila kama maji yanatuama juu bila kupenya na udongo ukikauka unakuwa mgumu, huenda hayo ni magadi, na kuosha peke yake hakutoshi: utahitaji jasi. Peleka udongo ukapimwe kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kabla hujatoa hela yako.

Shemeji anataka tuchimbe mabwawa ya kambamiti hapa Mbarali, tuyatie chumvi. Italipa? (Mama wa watoto wanne, Ubaruku)

Mama, mkatalie. Chumvi ya bwawa itapenya hadi kwenye majaruba ya jirani, na kuitoa ni kazi ya miaka. Fugeni perege au kambare.

Darasani tumeambiwa ufugaji wa kamba umewatia watu umaskini Bangladesh. Mbona wanauzwa ghali? (Mwanafunzi, Mbeya)

Hela ipo, lakini tazama inaingia mfukoni mwa nani. Miaka ya 1960 yalijengwa matuta makubwa kusini-magharibi mwa nchi ile kuzuia maji ya bahari yasiingie mashambani. Kuanzia miaka ya 1980, wafugaji wa kamba wakaanza kuyaingiza makusudi. Ukiwa na shamba dogo katikati ya mabwawa, mpunga wako unakufa hata kama hukukubali, na mwisho unamkodisha mwenye bwawa shamba lako kwa bei anayotaka yeye. Kupanda na kuvuna mpunga kunaajiri vibarua wengi. Bwawa linataka wachache tu. Ng'ombe wanakosa malisho. Akina mama wanatembea mbali kutafuta maji ya kunywa, na huko Dacope, eneo moja la pwani hiyo, watafiti wamehusisha chumvi ya maji hayo na presha ya wajawazito. Mwaka 1990 mama mmoja, Karunamoyee Sardar, aliuawa akiandamana na wenzake kupinga mabwawa hayo. Nakuomba ulikumbuke jina lake.

Kamba hawakuleta chumvi yote. Bwawa la Farakka, lililoanza kazi India mwaka 1975, lilipunguza maji ya mto Ganges yanayofika huko kiangazi, na mto ukilegea bahari inapanda. Kimbunga Aila cha 2009 nacho kilibomoa matuta.

Wazazi wangu wako delta ya Rufiji, wanalalamika chumvi inaingia kwenye mpunga. Sisi wa huku juu tunahusika? (Mfanyabiashara, Mafinga)

Tunahusika kwa sehemu. Ruaha Mkuu unakusanya maji ya milima yetu, unapita bonde la Usangu huku Mbarali, unaishia Rufiji. Tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Sitawabebesha wakulima wa Mbarali lawama zote: Kilombero ndio unaoipa Rufiji maji mengi zaidi, na bahari yenyewe inapanda. Lakini nimeona milango ya mifereji ikiachwa wazi wakati majaruba hayana hata mche, maji yanapotea kwenye nyasi. Hilo linaniuma.

Wazee wako watakumbuka pia mradi mkubwa wa kamba uliopangwa deltani, ambao serikali iliuridhia mwaka 1997. Wanavijiji walikwenda mahakamani na mabwawa yale hayakuchimbwa. Mikoko ingekatwa, na mikokoni ndimo wanamokulia kamba wachanga ambao baadaye wanavijiji huwavua wenyewe.

Kwa upande wetu, wakulima wa Usangu, pelekeni ajenda moja kwenye jumuiya za watumia maji: mpunga ukishavunwa, nani anafunga lango, na asipofunga anatozwa faini gani.