Kabla ya Kumwandika Nge Daftarini, Chunguza Ncha ya Mkia

Juma lililopita msomaji mmoja aliniletea picha ya kiumbe bapa mwenye miguu mirefu na myembamba aliyemkuta ukutani usiku. Wenzake nyumbani walishikilia kwamba ni nge, wakamwua kabla hajamaliza kumchora. Naijua huzuni hiyo, kwa maana wengi wenu mna azma niliyoanza nayo mimi: kutambua viumbe kwa usahihi hata kumbukumbu zenu ziaminiwe na wataalamu.

Ushauri wangu ni mmoja: anzeni mkiani. Nge wa kweli, ambao spishi zao zinazojulikana zimepita 2,000, wana miguu minane, magando mawili, na mkia wa pingili tano unaoishia kwenye kifuko cha sumu chenye mwiba. Kifuko hicho kisipokuwapo, huyo si nge, hata akiitwa hivyo na kila mtu.

Mimi nilifunzwa na maji. Kwa miaka mingi nilikaa kando ya madimbwi nikimtazama mdudu wa familia ya Nepidae, ambaye watu wa lugha nyingi humwita nge wa majini. Ana miguu sita. Miwili ya mbele hujikunja mithili ya magando, naye hutulia kichwa chini kati ya majani yaliyooza mpaka kiluwiluwi apite karibu, ndipo humnasa, humchoma kwa mdomo wake na kumfyonza. Kinachodhaniwa kuwa mkia ni nyuzi mbili zilizoshikana zikawa mrija, ambao huuchomoza juu ya maji ili avute hewa. Nilipofaulu kupiga picha iliyoonyesha ncha ya mrija ule ikigusa uso wa maji, nilijivunia kazi yangu, na ninajivunia hadi leo. Jarida moja liliichapisha, lakini mhariri akaandika chini yake kwamba mkia huo hudunga sumu, ingawa maelezo niliyompelekea yalisema waziwazi kuwa ni mrija wa kupumulia. Niliomba masahihisho kwa barua, nayo haikujibiwa. Jambo hilo linaniuma bado, kwa sababu ushahidi wote ulikuwa ndani ya picha, na mstari mmoja wa maneno ukaubatilisha.

Tangu hapo kila kiumbe mwenye jina la nge namchunguza kuanzia nyuma. Panorpa dume, mdudu mwenye mabawa, hukunjia juu ya mgongo uvimbe wa rangi nyekundu unaotisha, kumbe ni kiungo cha kumshikia jike. Wale wadogo wa oda ya Pseudoscorpiones, wenye urefu wa milimita chache tu, wana magando lakini mkia hawana kabisa, na baadhi yao husafiri kwa kung'ang'ania mguu wa nzi. Samaki wa familia ya Scorpaenidae ndio wanaohitaji uangalifu wa namna nyingine: sumu wanayo kweli, ila imo katika miiba ya mapezi, hasa ya mgongoni.

Mimea nayo imo. Scorpiurus ina maganda ya mbegu yaliyojiviringa, na Myosotis scorpioides ina shina la maua lililojikunja kabla ya kuchanua. Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 1, aliandika kuhusu mmea wenye mbegu za umbo la mkia wa nge kuwa dawa ya aliyeumwa na nge. Ndugu zangu, umbo haliponyi! Anayempaka mtoto majani huku saa zinapita anacheza na uhai, kwa kuwa watoto ndio wanaodhurika zaidi. Mpelekeni hospitali upesi, wala msikate wala kunyonya jeraha.

Kwa msomaji wangu: andika kwamba ni wa oda ya Amblypygi. Hana mkia, hana sumu, na miguu yake miwili ya mbele, iliyo mirefu kuliko yote, ni ya kupapasia njia. Ukikutana na mwingine, mpige picha kutoka juu na kutoka ubavuni, sehemu ya nyuma ionekane yote. Ukiwa na taa ya mionzi ya urujuanimno, mmulike pia, kwani gamba la nge hung'aa kwa rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, isipokuwa kama amejivua gamba karibuni na jipya bado ni laini. Kwa hiyo hata ukiwa na taa, kagua mkia.