Kwa nini 1.1 + 2.2 inatoa 3.3000000000000003, na kwa nini round haitoshi

Mkuu, umeuliza kwa nini Python, lugha ya kuandikia programu, inakujibu 3.3000000000000003 ukijumlisha 1.1 na 2.2, na waliotangulia wamekwambia uweke round, amri ya kukadiria namba, yaishe. Usikimbilie huko. Nilipita njia hiyohiyo nikakesha.

Nilimtengenezea mfanyabiashara wa dagaa programu ya mauzo. Kila mfuko unapimwa, kisha jumla inalinganishwa na mzani mkubwa wa mlangoni. Siku moja ikaja mifuko miwili, kilo 1.1 na kilo 2.2. Mzani mkubwa ukasoma 3.3. Programu ikagoma: "Uzito haulingani". Kijana wa mzani akapima upya mara tatu, mteja anamwangalia kama mwizi, na kwenye skrini namba zote mbili zinasomeka 3.3! Kumbe round niliiweka kwenye kuonyesha tu. Ndani zilikuwa namba mbili tofauti.

Kompyuta huhifadhi namba hizi za nukta, zinazoitwa float, kwa biti 64 (sifuri na moja 64), kwa kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985. Inazoweza kuandika bila kukosea ni sehemu ambazo asili yake (namba ya chini) ni 2 iliyozidishwa kwa 2 tena na tena: nusu, robo, thumuni. Kumi ina 5 ndani yake, kwa hiyo moja ya kumi haiishi, inakwenda 0.000110011001100… kama theluthi isivyoisha ukiiandika 0.333. Inabidi ikatwe mahali. Andika print('%.20f' % 0.1) uone mwenyewe: 0.10000000000000000555.

Mbona print(0.1) inatoa 0.1 safi? Kwa sababu tangu toleo la 3.1 la mwaka 2009, Python huchagua tarakimu chache kabisa zinazotosha kuirudisha namba ileile iliyohifadhiwa. Kwenye PHP, lugha nyingine ya programu, amri ya kuonyesha, echo, kwa kawaida huishia tarakimu 14, basi 0.1 + 0.2 inaonekana 0.3, lakini ukiuliza kwa == kama ni sawa na 0.3 unajibiwa hapana. Hiyo naiona mbaya zaidi, maana kosa halionekani.

Na round yenyewe inafanya kazi juu ya namba iliyokwisha kukatwa: round(2.675, 2) inakupa 2.67, wakati wewe ulitegemea 2.68.

Mimi niligeuza uzito wote kuwa gramu kamili. 1100 + 2200 ni 3300, basi, ugomvi ukaisha. Pesa nazo hifadhi kwa senti. Ukilazimika kubaki na nukta, tumia Decimal('1.1'), aina ya namba ya Python inayohesabu kwa makumi, na hizo alama za nukuu usizisahau, ukiandika Decimal(1.1) namba inaingia ikiwa imeshakatwa. Kwenye databesi weka safu ya DECIMAL(10,2), siyo FLOAT wala DOUBLE, ambazo nazo hukata namba.

Vipimo vya joto au umbali viache kwenye float, havina shida. Ila usivilinganishe kwa ==, tumia math.isclose, inayouliza kama namba mbili zinakaribiana.