Mashine ya kukatakata matawi kwa ekari moja na nusu

Ndugu wa Bahati, umeuliza kama ununue mashine ya kukatakata matawi, ile ya kufungwa nyuma ya trekta lako dogo, maana umepogoa migrevilea ya ua na rundo limeziba njia. Kwa ekari moja na nusu, mimi ningekodi. Rundo lako litaisha kwa siku moja au mbili, kisha mashine ikae banda ikishika kutu na kuku wakiitagia.

Ukiipata, angalia kwanza nguvu ya trekta. Nyingi za aina hii zinataka shafti ya nyuma ya trekta, ile inayoendesha mashine, izunguke mara 540 kwa dakika. Trekta likihema, matawi yanakwama. Na shafti hiyo naiogopa kuliko visu. Kifuniko chake kikiwa kimepasuka, usiwashe. Koti linaloning'inia vua, leso isikaribie. Matawi yakikwama, zima injini, toa ufunguo, ungoje. Gurudumu la visu ni zito, huendelea kuzunguka hata injini ikiwa kimya.

Halafu miti ya ua wa zamani humeza seng'enge. Mimi niliwahi kutia tawi lenye msumari ndani, nikasikia "kwaa!", visu viwili vikawa na mapengo kama meno ya mtoto. Siku hizi nakagua kila kipande.

Chenga za matawi zitandaze chini ya parachichi, zisiguse shina. Usizifukie mbichi kwenye mahindi, zitayanyang'anya naitrojeni.